Modemu inakatika-katika kijijini? Pima kwanza, ndipo ununue nyingine

Kila wiki hapa steshenari, Nansio kisiwani Ukerewe, anaingia mtu mwenye modemu ya pili au ya tatu mfukoni na fomu ya mkopo wa chuo ambayo bado haijafika. Ametoka Ukara, Irugwa au Murutunguru, kalipa nauli, na dirisha la maombi linafungwa usiku huohuo. Wengi wao nikiwauliza mtandao kwao unasoma ngapi, wananijibu "vijiti viwili". Vijiti viwili haviniambii kitu.

Mwongozo huu unahusu modemu ya USB inayotumia laini ya simu, ile unayoichomeka kwenye kompyuta halafu inapiga *99# ili iunge. Sehemu kubwa inamfaa pia mwenye ruta ndogo ya laini, na anayewasha hotspoti ya simu. Nimeuandika kwa mtu wa mwambao na visiwani, kwa sababu ziwa lina tabia zake kwenye mawimbi na watu wa mjini hawazijui.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Modemu au ruta yako, pamoja na laini yake.
- Simu yoyote ya Android, hata kuukuu.
- Laini ya kampuni nyingine, walau moja. Azima kwa jirani, huna haja ya kununua.
- Waya wa USB mfupi na mnene, usiozidi mita mbili.
- Ufutio safi wa penseli.
- Mita ya fundi umeme ya kupimia volti, kama unatumia sola.
- Daftari na kalamu. Usiviruke hivi. Bila daftari utapima leo, kesho utasahau, na keshokutwa utarudi dukani.
- Kwa hatua ya sita peke yake: mti mnyoofu au bomba la mita tano au sita, kamba, na kopo la plastiki lenye mfuniko.

Kanuni ya kazi yote ni moja: badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine. Ukibadili laini, ukahama chumba na kununua waya mpya siku moja, mtandao ukitulia hutajua kilichoutuliza. Ukivurugika tena utaanza upya.

## Hatua ya 1: Jua unaumwa ugonjwa gani

Watu husema "mtandao unasumbua" kwa matatizo manne tofauti. Chagua lako.

Haiungi kabisa. Unabonyeza, inafikiri, inakataa. Soma namba ya kosa inayotokea kwenye skrini ya Windows. 633 maana yake modemu inashikiliwa na programu nyingine au haijawekwa sawasawa: funga programu zote za modemu, ichomoe, zima kompyuta, washa upya. 691 ni jina au neno la siri limekataliwa; mara nyingi nafasi hizo zinatakiwa ziachwe wazi. 619 na 628 ni muunganisho kukatwa ukiwa bado unajengwa, na hapo sababu huwa ni APN (jina la lango la intaneti la kampuni yako), bando au mtandao dhaifu. Nenda hatua ya pili.

Inaunga, kisha inakata. Hapa chunguza umeme, halafu mahali. Hatua ya tatu na ya tano.

Imeunga, vijiti vimejaa, lakini kurasa hazifunguki. Kompyuta yenyewe ina tatizo, au mnara umeelemewa. Hatua ya nne na ya nane.

Inafanya kazi saa fulani tu. Nenda moja kwa moja hatua ya nane, ila daftari usiliache.

## Hatua ya 2: Ondoa shaka kwenye laini na bando

Toa laini kwenye modemu, itie kwenye simu. Sababu ni kwamba modemu nyingi hazikuonyeshi ujumbe mfupi vizuri, na kampuni inakutumia taarifa ya bando kuisha kwenye laini hiyohiyo. Soma ujumbe wote wa siku tatu zilizopita. Angalia pia bando lako ni la aina gani, maana bando la usiku likishapita muda wake modemu itaonekana imeunga na haitafungua kitu.

Piga *106# uone kama laini imesajiliwa kwa jina lako. Kisha washa data kwenye simu hiyo, ukae palepale ulipokuwa unakaa na modemu, ujaribu kufungua ukurasa mmoja mwepesi.

Itazame laini yenyewe. Kama ilikatwa kwa mkasi ili iingie kwenye simu ndogo, halafu ukairudishia fremu ya plastiki iingie kwenye modemu, inacheza ndani. Ukiigusa modemu inakata, ukiiegemeza inarudi. Sugua sehemu ya dhahabu taratibu kwa ufutio, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, rudisha. Ikiendelea kucheza, nenda ofisi ya kampuni yako ubadilishiwe laini kwa namba ileile. Na kama laini yako ni ya miaka mingi, uliza hapohapo kama ni ya 4G, kwa sababu laini za zamani haziwezi kuingia 4G hata ukiwa chini ya mnara.

Jambo la mwisho hapa ni APN. Piga 100, uliza APN ya kampuni yako, iandike herufi kwa herufi. Nafasi moja ya ziada mwishoni inatosha kukataliwa.

*Umefaulu ukiona:* laini inafungua ukurasa kwenye simu mara tano mfululizo. Ikishindwa kwenye simu, modemu haina kosa. Ruka hatua ya tatu na ya nne, nenda ya tano.

## Hatua ya 3: Umeme, adui ambaye watu hawamdhanii

Mwalimu mmoja wa kisiwani aliniletea modemu tatu kwenye mfuko wa rambo. "Fundi," akasema, "hizi zote mbovu." Nikazichomeka moja baada ya nyingine kwenye kompyuta yangu, zote zikafanya kazi. Nikamwomba, "Mwalimu, naomba nione na waya unaotumia." Akautoa begini: waya mwembamba mweupe wa mita tatu, wa kurefusha USB, aliokuwa ameupitisha dirishani ili modemu ikae nje. Waya ule ndio uliomla pesa ya modemu mbili.

Tundu la USB la kawaida limetengenezwa kutoa volti 5 na miliampea 500. Modemu iliyo mbali na mnara inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike kule, na inapofanya hivyo inavuta umeme mwingi kuliko modemu ya mjini. Waya mwembamba ukiwa mrefu unapunguza volti njiani. Modemu inakosa pumzi, inazima, inajiwasha.

Dalili yake haifichiki: unashusha vizuri, lakini ukianza kutuma faili inakata, na kompyuta inatoa ule mlio wa kitu kilichochomolewa. Ukisikia mlio huo, acha kumlaumu mtu wa mnara. Ni umeme.

Fanya hivi:

1. Chomeka modemu kwenye kompyuta bila waya wowote. Tuma faili moja yenye picha. Ikifika bila mlio, tatizo lako ni waya.
2. Jaribu tundu jingine la USB. Kwenye kompyuta za mezani tumia matundu ya nyuma, maana ya mbele hupitia waya wa ndani.
3. Kama unatumia laptopu yenye betri iliyochoka, pima tena ikiwa kwenye chaji.

Mwenye ruta ya volti 12 inayoishi kwenye betri ya sola, pima kwenye plagi ya ruta ikiwa imewashwa. Fanya hivyo mchana na saa mbili usiku. Betri ikishuka karibu na volti 11 na nusu, ruta nyingi huanza kujizima na kujiwasha, na mwenyewe anasema mtandao wa usiku ni mbaya. Siyo mtandao. Ni betri, au ni waya mwembamba kutoka kwenye betri.

Onyo: usiunganishe ruta moja kwa moja kwenye paneli. Paneli iitwayo ya volti 12 hutoa hadi volti 20 au zaidi jua likiwaka, na ruta itaungua siku hiyohiyo.

*Umefaulu ukiona:* unatuma faili ya ukubwa wa megabaiti mbili mara tatu bila mlio wa kuchomoka na bila taa za ruta kuzima.

## Hatua ya 4: Kompyuta yenyewe

Hapa ni mambo machache, fanya upesi.

Angalia tarehe na saa. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, ile ya mviringo kama sarafu, kila ikizimwa inarudi mwaka wa nyuma. Kivinjari chako kinakagua tarehe ya vyeti vya usalama vya tovuti za serikali, za benki na barua pepe. Kikikuta kompyuta yako iko miaka kumi nyuma, kinakataa. Unaona maandishi ya onyo, unadhani mtandao mbovu. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri hiyo, CR2032, ni bei ndogo.

Zima usingizi wa USB. Windows hulaza matundu ya USB ili kuokoa umeme, na modemu inalala nayo. Ingia Control Panel, Power Options, fungua mipangilio ya ndani zaidi, tafuta "USB selective suspend", weka Disabled.

Zuia masasisho. Windows ikiona mtandao tu inaanza kujishushia mizigo, na kwenye laini ya kijijini hakibaki kitu kwa ajili yako. Kwenye mipangilio ya mtandao washa "Metered connection". Kwenye simu, zima masasisho ya apu.

Kisha pima. Fungua Command Prompt, andika `ping -n 50 8.8.8.8`. Subiri ifike mwisho, soma asilimia ya vipande vya data vilivyopotea njiani. Vikipotea vyote au vingi, tatizo liko kwenye mtandao. Visipopotea na bado tovuti hazifunguki kwa majina yake, badilisha DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

*Umefaulu ukiona:* katika 50, havijapotea zaidi ya kimoja au viwili. Andika namba hiyo kwenye daftari pamoja na saa.

## Hatua ya 5: Pima mahali, siyo vijiti

Hii ndiyo hatua inayomaliza matatizo mengi kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Itengee nusu siku.

Vijiti vya mtandao kila mtengenezaji wa simu huvichora anavyotaka. Unachohitaji ni namba ya desibeli, inayoandikwa dBm. Kwenye simu ya Android piga *#*#4636#*#*, ingia kwenye taarifa za simu, utaiona. Simu isiyofungua menyu hiyo, ingia Settings, About phone, Status, SIM status. Kwenye ruta, fungua ukurasa wake kwa kuandika 192.168.8.1 au 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Anwani sahihi imebandikwa chini ya ruta.

Namba hiyo ni hasi. Iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: -85 ni nzuri kuliko -110. Kila ikipanda desibeli 3, nguvu imeongezeka mara mbili. Ikipanda 10, imeongezeka mara kumi. Kwa 4G ichukulie hivi: hadi -90 ni nzuri, -90 hadi -100 inatosha, -100 hadi -110 itakusumbua, chini ya -115 usipoteze bando lako.

Sasa tembea. Anzia kitandani, nenda dirishani, kizingitini, uani, chini ya mti, kwenye kichuguu, kwenye jiwe kubwa. Kila mahali simama dakika nzima, simu ukiishika usawa wa kifua, mkono usiifunike kwa nyuma. Andika namba tatu, siyo moja, kwa sababu inapanda na kushuka. Halafu rudia mzunguko mzima na laini ya kampuni nyingine.

Hivi ndivyo ukurasa mmoja wa daftari langu unavyosomeka, wa nyumba iliyo Ukara. Chumbani chini ya bati: -117. Dirishani upande wa ziwa: -109. Chini ya mwembe: -104. Juu ya jabali lililo nyuma ya choo: -91. Laini ni ileile, simu ileile, hatua arobaini tu kutoka kitandani hadi kwenye jabali. Mwenye nyumba alikuwa ameshaandika barua kwa kampuni kwamba kijiji chao hakina mtandao.

Mambo matatu ya huku kwetu yakae akilini unapotembea.

Bati na mawe. Paa la bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kinachoingia ndani kinapitia madirisha na milango, na ukuta mnene unakipunguza tena. Majabali ya Mwanza ni hivyohivyo: nyumba iliyo upande usiotazama mnara ipo kivulini. Ukijua mnara uliko, pima upande wa nyumba unaoutazama.

Maji. Juu ya ziwa hakuna kilima wala mti, kwa hiyo mawimbi yanasafiri mbali. Lakini yanakufikia kwa njia mbili, moja ya hewani na nyingine iliyodunda majini, na zikikutana vibaya zinauana. Ndiyo maana ufukweni unaweza kupata -95 ukiwa umesimama na -106 ukikaa. Kupanda juu zaidi siyo dawa kila mara. Jaribu kila baada ya nusu mita, uandike.

Umbali. Mnara wa 2G una kikomo cha kilomita 35. Hata mawimbi yake yakikufikia vizuri juu ya maji, mazungumzo ya simu yako na mnara yanachelewa kupita muda uliopangwa, na unakataliwa. Mtu aliye kisiwani akinasa mnara wa nchi kavu ng'ambo ya pili ataona vijiti, atapiga, haitaunga. Huyo hata akinunua antena ya bei gani haitamsaidia kwenye mnara huo. Atafute mwingine, au mtandao wa 3G au 4G.

*Umefaulu ukiona:* umepata sehemu moja yenye -100 au bora zaidi, namba zake haziyumbi zaidi ya 5, na `ping` ya hatua ya nne ikirudiwa hapo inapita.

## Hatua ya 6: Pandisha modemu yenyewe, siyo antena

Kama sehemu nzuri ni juu, wengi hukimbilia antena ndefu ya miiba na mita kumi za waya wa antena. Kabla hujatoa pesa, jua hili: waya mwembamba wa kawaida wa antena, RG58, kwenye mawimbi ya 3G hupoteza takriban desibeli 8 au zaidi katika mita kumi. Antena inakuongezea kumi, waya unakula nane. Umebaki na mbili na deni.

Ni afadhali kifaa chenyewe kiende juu, na data ishuke kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi. Ruta ndogo, au simu kuukuu iliyowashwa hotspoti, ndiyo rahisi kuliko vyote: unaipandisha na waya mnene wa umeme, unapokea Wi-Fi ndani kupitia dirishani. Modemu ya USB haipendi zaidi ya mita tano za waya, na kwa yale niliyoeleza kwenye hatua ya tatu, mimi huishia mita mbili.

1. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko. Kopo la bati la maziwa litaifungia modemu gizani.
2. Toboa matundu mawili madogo chini, moja la waya na moja la hewa. Juu usitoboe.
3. Ziba taa za modemu kwa kipande cha utepe mweusi. Wale vijidudu wanaoinuka ziwani kama moshi wanafuata mwanga. Usiku mmoja wanajaza kopo. Tundu la hewa lifunike kwa kipande cha chandarua.
4. Funga kopo kwenye mti kwa kamba, lielekee upande wa mnara, kisha lizungushe robo kwa robo huku mwenzako akisoma namba ndani. Kaza palipo bora.
5. Kabla waya haujaingia ndani, uache ulegee uning'inie kama kitanzi, maji ya mvua yadondoke pale chini ya kitanzi badala ya kufuata waya hadi kwenye kompyuta.
6. Lipatie kivuli. Kopo juani saa nane mchana ni jiko, na modemu ikichemka inajizima.

Kama una dishi kuukuu la king'amuzi, unaweza kuifunga modemu pale mbele kwenye mkono wa dishi na kulielekeza kwenye mnara. Linaongeza desibeli kadhaa, ila ukilikosea kidogo unakosa yote, kwa hiyo lifunge imara upepo wa ziwa usilihamishe.

Onyo la radi. Kanda hii ya ziwa ina radi nyingi mno, na dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri, wakati umelala. Usitumie mlingoti wa chuma bila waya wa ardhini. Chomoa kila waya unaotoka nje kabla ya kulala, na ukisikia ngurumo mchana usiende kushika mlingoti. Kifaa kinanunulika.

Onyo la vifaa vya kukuza mtandao. Vile visanduku vinavyouzwa mitaani kwamba "vinavuta mtandao" na kuurusha upya vinaweza kuuharibia mnara na kuwakatia majirani wote. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe na idhini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Visivyo nayo, viache.

*Umefaulu ukiona:* namba ndani ya kopo ni sawa na ile uliyoipata ukiwa umesimama palepale na simu, na mvua ya kwanza imepita bila kukata.

## Hatua ya 7: Ifunge kwenye mtandao mmoja

Ukitazama taa ya modemu inabadilika rangi kila dakika, au simu inasoma 4G, H+ (yaani 3G), E (yaani 2G), kisha 4G tena, kifaa kinahangaika kati ya mitandao. Kila kinapohama, kazi yako inasimama.

Pima 4G peke yake, kisha 3G peke yake, ukitumia ile menyu ya *#*#4636#*#* au programu ya modemu. Chagua iliyo tulivu, hata kama ni ya polepole. Kwa kujaza fomu, 3G isiyokatika ina faida kuliko 4G inayokuja na kupotea. Kumbuka kuirudisha kwenye hali ya kujichagulia unaposafiri, la sivyo utafika Mwanza mjini na kudhani laini imefungwa. Na ukiifunga kwenye 4G, simu za kawaida zinaweza zisiingie.

## Hatua ya 8: Saa, watu na mbalamwezi

Mnara ni kama bomba la kijiji. Mnara wa 3G una tabia ya ziada: watu wakiwa wengi, eneo lake linapungua. Kelele ya simu nyingi inamfanya aliye pembeni asisikike, naye anadondoka wakati aliye karibu anaendelea. Ukiwa ukingoni, utakuwa wa kwanza kukatika kila jioni.

Pima kwa wiki moja: alfajiri saa kumi na moja, saa sita mchana, saa moja usiku na saa nne usiku. Andika dBm na asilimia ya `ping`. dBm ikibaki ileile huku `ping` ikiharibika jioni, mahali pako hapana kosa, mnara umeelemewa.

Karibu na mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, kuna mpangilio mwingine niliouona kwenye daftari kwa miezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali hawaingii ziwani, na kambi nzima iko nchi kavu na simu mkononi. Siku hizo jioni usijaribu kutuma kitu kizito. Siku ya gulio vilevile.

Mvua nayo ina jambo lake. Mawimbi ya simu yako hayasumbuliwi sana na mvua, ila minara mingi ya vijijini huunganishwa na minara mingine kwa mawimbi ya masafa ya juu sana, na hayo mvua kubwa inayazuia. Utaona vijiti vimejaa, hakuna kinachofunguka. Subiri inyeshe ipite, usiguse kitu. Umeme wa TANESCO ukikatika, andika saa ulipokatika na saa mtandao ulipopotea. Tofauti hiyo ni muda wa betri za mnara wenu, na ukishaujua utajua una saa ngapi za kumaliza kazi.

Kwa kazi yenye tarehe ya mwisho: jaza majibu yote kwenye karatasi kwanza, skani vyeti kwa rangi nyeusi na nyeupe kwa ukubwa unaotakiwa, viweke kwenye folda moja, kisha amka saa kumi na moja alfajiri, siku tatu kabla ya mwisho. Naomba sana hilo la siku tatu. Nimeona vijana wenye alama nzuri wakilia kwenye kiti hiki hapa mbele yangu.

## Hatua ya 9: Lalamika kwa vipimo

Umefika hapa, simu na modemu vimepimwa, umeme ni mzuri, mahali ni pazuri, na bado inakata. Sasa ni zamu ya kampuni. Piga 100, ukiwa na daftari wazi, uwape haya:

- namba ya laini, na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, ambayo simu inaionyesha ukipiga *#06#;
- jina la kijiji, kata na wilaya, na alama inayojulikana kama shule au mwalo;
- namba ya utambulisho wa mnara, iliyoandikwa Cell ID au CID kwenye menyu ileile ya dBm;
- dBm na asilimia ya `ping` kwa nyakati nne za siku, za wiki nzima;
- kwamba umejaribu simu mbili na laini mbili.

Mtu anayesema "mtandao mbovu" hujibiwa azime simu na kuiwasha. Anayetaja CID na kusema "-92 siku nzima, lakini kuanzia saa moja usiku vinapotea 30 kati ya 50" anapelekwa kwa mafundi. Omba namba ya lalamiko. Wasipokujibu kwa muda waliouahidi, peleka lalamiko hilo na nakala ya daftari ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa, Mwanza.

Kama vipimo vyako vya hatua ya tano havikupata mnara wowote kijiji kizima, lalamiko lako haliendi kwa kampuni. Pitisheni kwenye serikali ya kijiji na halmashauri, liende Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao kazi yake ni kufadhili minara mahali ambapo kampuni hazioni faida. Ambatanisheni karatasi za vipimo za kaya kadhaa, kila moja na sehemu ilipopimwa.

Namba ya lalamiko ukishapewa, iandike kwenye ukurasa uleule wenye vipimo. Siku watakayokuambia wamemaliza, rudi mahali palepale, saa ileile, na simu ileile, upime tena kabla hujawajibu.